Nyama Iliyopotea Motoni: Hesabu ya Kukadiria Nyama ya Moshi kwa Karamu

Nyama isipotosha karamuni, watu wawili hulaumiwa kabla ya wengine wote: mnunuzi, kwamba amepunja, na mpishi, kwamba ameficha. Lawama hizo huweza kuvunja urafiki na kumwondolea mtu heshima aliyoijenga kwa miaka mingi. Aghalabu, hata hivyo, mwenye hatia hayumo kati ya hao wawili. Kosa limo katika hesabu iliyofanywa siku chache kabla ya sherehe.

Tuchukue mfano. Kamati ya mahafali imealika watu 150 na kuamua kwamba kila mmoja apate gramu 150 za nyama. Katibu anazidisha, anapata kilo 22 na nusu, na nyama yenye mifupa ya uzito huo inanunuliwa na kukabidhiwa mpishi. Siku ya sherehe wanafika watu 120 tu, lakini kila mmoja anapata gramu 77 hivi, yaani karibu nusu ya alichokusudiwa. Nyama iliyofika mezani ni kilo 9 na robo. Je, kilo 13 na zaidi zimekwenda wapi?

Katika makala hii tutaifuata nyama hatua kwa hatua, toka buchani hadi sahanini. Tutaona kwamba hasara hiyo ina sababu zinazojulikana katika fizikia na kemia, na kwamba mwanafunzi ajuaye kuzidisha na kugawanya desimali aweza kuikadiria kabla moto haujawashwa.

Nyama ya moshi ni ipi?

Kwetu Afrika Mashariki moshi hutumika zaidi kukaushia samaki, na nyama ya karamu hubanikwa juu ya makaa. Upishi wa moshi tunaouzungumzia hapa ni wa namna ya tatu. Nyama huwekwa mbali kidogo na moto, ndani ya tanuri au pipa lenye kifuniko, ikapikwa polepole kwa hewa ya moto na moshi wa kuni. Katika jimbo la Texas, nchini Marekani, upishi huu umekuwa kazi ya biashara na ya karamu kubwa kwa zaidi ya karne moja. Nyama ipendwayo huko ni kidari cha ng'ombe, ambacho hupikwa kwa saa 10 na zaidi katika jotoridi la nyuzi 105 hadi 120 za Sentigredi. Wapishi wa huko hukadiria kwamba karibu nusu ya uzito walionunua haitafika mezani. Makadirio yao yanatokana na uzoefu, lakini sayansi inayathibitisha.

Maji ndani ya nyama

Nyama mbichi isiyo na mafuta mengi ni maji kwa kiasi cha asilimia 75. Protini ni asilimia 20 hivi, na sehemu iliyobaki ni mafuta, chumvichumvi na vitu vingine vichache. Kwa maneno mengine, anayenunua kilo moja ya mnofu amenunua robo tatu ya kilo ya maji. Hakuna udanganyifu hapo, kwani ndivyo misuli ya mnyama ilivyoumbwa. Maji hayo hushikiliwa katikati ya nyuzinyuzi za protini, kama vile sifongo ishikavyo maji.

Nyama inapopata joto, protini hubadilika umbo. Jotoridi la ndani likifika nyuzi 50 hivi, protini za misuli huanza kujikunja na kuachilia maji. Kati ya nyuzi 60 na 65, kolajeni, ambayo ndiyo protini ya kano na ngozi nyembamba zinazofunga misuli, husinyaa na kuikamua nyama kama mtu akamuavyo nguo. Hapo ndipo kipande huonekana kimekuwa kifupi na kinene. Joto likiendelea kupanda juu ya nyuzi 70, kolajeni hugeuka polepole kuwa jelatini, na nyama iliyokuwa ngumu hulainika.

Hii ndiyo sababu sehemu ngumu kama kidari hupikwa hadi jotoridi la ndani lifike nyuzi 90 au zaidi. Mpishi hukubali kupoteza maji mengi ili apate ulaini. Wakati huohuo mafuta huyeyuka na kudondoka. Kwa jumla kipande kisicho na mfupa huweza kupoteza sehemu mbili katika tano za uzito wake, yaani asilimia 40, kikiwa ndani ya tanuri la moshi.

Yafaa ieleweke kwamba kilichopotea zaidi ni maji na mafuta. Protini karibu yote imebaki. Kilo moja ya nyama mbichi yenye gramu 200 za protini ikipungua hadi gramu 600, protini itakuwa takribani theluthi moja ya uzito wa nyama iliyoiva. Mlaji anayepewa gramu 150 za nyama ya moshi amepewa chakula ambacho, kikiwa kibichi, kilikuwa gramu 250.

Kwa nini joto husimama?

Anayepika nyama ya moshi kwa mara ya kwanza hushangazwa na jambo moja. Jotoridi la ndani hupanda vizuri kwa saa chache, kisha likifika mahali fulani kati ya nyuzi 65 na 75 husimama, na huweza kusimama kwa saa kadhaa ingawa moto haujapungua. Wengi hudhani kuni zimekwisha nguvu, wakaongeza moto na kuiunguza nyama.

Chanzo chake ni uvukizaji. Maji yanayotoka ndani hufika juu ya kipande na kugeuka mvuke, na kila gramu inayovukizwa huchukua joto kutoka katika nyama, kama jasho linavyotupoza mwilini. Kiasi cha joto kinachohitajika ni kikubwa. Kuvukiza kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 2,260 hivi, ilhali kuipasha moto kilo moja ya maji toka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 huhitaji kilojuli 335 tu. Joto linalovukiza kilo moja lingetosha kuchemsha karibu kilo saba. Basi moto wote unaoingia katika nyama hutumika kuvukiza maji, na kipande hakipandi joto mpaka sehemu yake ya juu ikauke. Wapishi wa Texas huifunika nyama kwa karatasi nene au karatasi ya alumini wakati huo ili kuzuia uvukizaji, na joto hupanda tena.

Katika mipango ya karamu jambo hili lina maana mbili. Kwanza, muda wa kupika haupimwi kwa jumla ya uzito wa nyama iliyonunuliwa. Vipande kumi vinavyofanana, vikiwekwa mbalimbali katika tanuri lenye moto wa kutosha, huiva kwa muda unaokaribiana na wa kipande kimoja. Kinachotawala ni unene, kwa kuwa joto husafiri polepole ndani ya nyama, na unene ukiongezeka mara mbili muda huweza kuongezeka karibu mara nne. Pili, hapana budi kutenga saa mbili au tatu za ziada, ili wageni wasiletewe nyama mbichi wala mpishi asilazimike kuongeza moto.

Kuhesabu kutoka sahanini

Sasa turudi kwenye hesabu. Katibu wetu alianza na sahani kisha akaishia hapohapo, kana kwamba nyama ya buchani na ya sahanini ni kitu kimoja. Njia sahihi ni kuanza na sahani na kurudi nyuma, hatua moja baada ya nyingine, mpaka buchani.

Katika kila hatua tutatumia kipimo tutakachokiita uwiano wa salio, yaani uzito uliobaki baada ya hatua hiyo ukigawanywa kwa uzito ulioanza nao. Kwa mfano wetu tuchukue viwango hivi:

Kutoa mifupa: salio 0.80
Kupunguza mafuta ya juu na vipande visivyofaa: salio 0.90
Kupika kwa moshi: salio 0.60
Kukata na kugawa, pamoja na makombo yanayobaki ubaoni: salio 0.95

Zidisha viwango vyote kwa pamoja: 0.80 × 0.90 × 0.60 × 0.95 = 0.41. Kwa hiyo kila kilo moja ya nyama yenye mifupa huleta sahanini gramu 410 hivi. Kilo 22 na nusu za katibu zikizidishwa kwa 0.41 zinatoa kilo 9 na robo. Hizo ndizo zilizofika mezani, wala hakuna aliyeficha kitu.

Kwa karamu ya sahani 142 (sababu ya idadi hiyo tutaieleza baadaye), nyama iliyoiva inayohitajika ni 142 × 0.150 = kilo 21.3. Turudi nyuma kwa kugawanya:

Kabla ya kukatwa: 21.3 ÷ 0.95 = kilo 22.4
Kabla ya kupikwa: 22.4 ÷ 0.60 = kilo 37.4
Kabla ya kupunguzwa mafuta: 37.4 ÷ 0.90 = kilo 41.5
Pamoja na mifupa: 41.5 ÷ 0.80 = kilo 51.9

Kamati basi itanunua kilo 52 za nyama yenye mifupa, au kilo 41 na nusu za mnofu mtupu. Hapa pia twaweza kulinganisha bei. Kilo ya mnofu ikiuzwa kwa bei isiyozidi mara moja na robo ya bei ya nyama yenye mifupa, kununua mnofu kuna faida, isipokuwa mifupa ikihitajika kwa supu.

Makosa mawili yanayofanana na ukweli

Kuna makosa mawili ambayo mwalimu wa hisabati angefanya vyema kuyaonyesha ubaoni, kwa sababu kila moja huonekana kuwa na mantiki.

La kwanza ni kuongeza asilimia ya hasara juu ya mahitaji. Mtu ajuaye kwamba asilimia 59 ya uzito hupotea huchukua kilo 21.3, akaongeza asilimia 59 yake, akapata kilo 33.9. Lakini 33.9 × 0.41 ni kilo 13.9 tu, na karamu itapungukiwa kwa zaidi ya kilo 7. Hasara ni asilimia ya uzito ulionunuliwa, wala haitokani na uzito unaohitajika sahanini. Kwa hiyo ni lazima kugawanya kwa salio.

La pili ni kujumlisha asilimia za hatua mbalimbali: 20 + 10 + 40 + 5 = 75. Mwenye hesabu hiyo hudhani salio ni asilimia 25, akanunua kilo 85. Amezidisha kwa kilo 33, na fedha za michango zimeliwa na mbwa. Asilimia 40 inayopotea motoni ni ya nyama ambayo tayari imekwisha kutolewa mifupa na mafuta, si ya uzito wa awali. Asilimia za vitu tofauti hazijumlishwi.

Tukinunua mbuzi mzima

Katika vijiji vingi nyama ya sherehe hainunuliwi buchani. Hununuliwa ikiwa bado inatembea, na hapo hatua mbili zaidi huongezeka mwanzoni.

Mbuzi akichinjwa na kuondolewa ngozi, kichwa, miguu, damu na matumbo, mzoga wake huwa aghalabu asilimia 45 hadi 50 ya uzito aliokuwa nao akiwa hai. Mbuzi wa kilo 30, kwa salio la 0.45, hutoa mzoga wa kilo 13.5. Tukikadiria kwamba mifupa ni robo ya mzoga, mnofu ni kilo 10 hivi. Ukipikwa kwa salio la 0.65, hubaki kilo 6.6 za nyama iliyoiva, yaani sahani 44 za gramu 150. Maini, moyo na utumbo ni nyongeza yenye thamani, lakini visihesabiwe kuwa nyama ya sahani.

Mnunuzi na akumbuke pia kwamba mbuzi aliyekula na kunywa maji asubuhi ya mnada amebeba majani na maji hayo tumboni, na mizani huyapima pamoja na nyama. Kupima mzoga badala ya mnyama aliye hai huondoa shaka hiyo.

Wageni wangapi watakuja?

Mpaka hapa tumehesabu nyama, sasa tuhesabu watu. Waalikwa ni 150. Tuseme uzoefu wa shule unaonyesha kwamba wanne kati ya kila watano hufika. Wastani wa wageni ni 120, lakini wastani haupaswi kuchukuliwa kuwa ahadi.

Ikiwa kila mwalikwa huamua peke yake, kanuni za takwimu hutupatia mkengeuko sanifu, ambao ni kipeo cha pili cha 150 × 0.8 × 0.2, yaani 4.9. Kwa karamu 95 katika kila 100, idadi ya wageni itakuwa ndani ya mikengeuko miwili ya wastani: kati ya 110 na 130.

Lakini watu wetu hawaji sherehe mmojammoja. Huja kwa familia. Tuseme waalikwa hao ni familia 30 za watu watano watano, na kila familia hufika yote au haifiki kabisa. Mkengeuko wa idadi ya familia ni kipeo cha pili cha 30 × 0.8 × 0.2, yaani 2.2 hivi, na kwa watu ni mara tano yake, yaani 11. Mikengeuko miwili ni 22, na wageni wanaweza kuwa toka 98 hadi 142. Wastani ni uleule, lakini akiba inayohitajika ni zaidi ya mara mbili. Ndipo tulipopata sahani 142.

Kipimo cha gramu 150 kinafaa panapokuwa na ugali, wali au ndizi, pamoja na mboga. Nyama ikiwa ndiyo chakula kikuu, gramu 200 hadi 225 zafaa zaidi. Watoto wadogo wakihesabiwa nusu ya mtu mzima, kamati haitakosea sana.

Akiba na usalama

Akiba ikibaki, isigeuke sumu. Nyama iliyoiva huweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium perfringens, ambazo hazifi kwa kupikwa. Nyama inapopoa polepole mbegu hizo huamka. Katika jotoridi la nyuzi 43 hadi 46 bakteria hawa huweza kuongezeka maradufu kwa kila dakika 10. Katika saa mbili ni maradufu 12, yaani bakteria mmoja huwa 4,096.

Shirika la Afya Duniani, katika mafunzo yake ya Kanuni Tano za Chakula Salama yaliyotolewa mwaka 2001, lilishauri kwamba chakula kilichoiva kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili, na kwamba chakula kinachosubiri kuliwa kiwe na joto la zaidi ya nyuzi 60. Kwa hiyo akiba ya sahani 22 isikatwe mapema. Iachwe nzima, ndani ya tanuri lenye moto mdogo, mpaka ijulikane kama inahitajika. Isipohitajika, ikatwe vipande vyembamba ili ipoe upesi na kutiwa katika jokofu. Pasipo na jokofu, ni heri igawiwe na kuliwa siku hiyohiyo ingali moto.

Ikumbukwe pia kwamba pipa lililowahi kutiwa dawa za mimea au mafuta ya mitambo halifai kugeuzwa tanuri la chakula.

Jaribio kwa darasa

Viwango tulivyotumia ni vya mfano. Nyama ya ng'ombe aliyenona, ya ng'ombe mzee na ya mbuzi hazitoi salio moja, na kila tanuri lina tabia yake. Mwalimu aweza kuligawa darasa katika makundi matatu. Kila kundi lipewe kipande cha mnofu cha gramu 500, kikatwe kwa unene uleule na kupimwa kwa mizani. Kundi la kwanza lichemshe, la pili libanike juu ya makaa, na la tatu lipike kwa moshi. Kila nusu saa kipande kipimwe na uzito uandikwe, kisha grafu ya uzito dhidi ya muda ichorwe. Ukiwapo upimajoto wa kuchoma ndani ya nyama, grafu ya jotoridi ichorwe pia, na wanafunzi watafute mahali joto liliposimama.

Mpishi wa karamu naye afanye vivyo hivyo kwa kazi yake: apime nyama anapoipokea mbele ya mjumbe wa kamati, apime inapotoka motoni, na aandike. Baada ya karamu chache daftari hilo litakuwa na viwango vya kuaminika kuliko vya kitabu chochote, na siku atakapoulizwa kilo 52 zimekuwaje kilo 21, jibu litakuwa limeandikwa. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya mazoezi

1. Kilo 40 za mnofu zilipunguzwa mafuta zikabaki kilo 36. Baada ya kupikwa kwa moshi zilikuwa kilo 21.6, na baada ya kukatwa kilo 20.5. Tafuta uwiano wa salio wa kila hatua na wa safari nzima.

2. Harusi ina watu wazima 110 na watoto 90. Kwa kutumia gramu 200 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, na salio la jumla la 0.41, nyama yenye mifupa inunuliwe kilo ngapi?

3. Kwa kutumia maelezo ya uvukizaji, eleza kwa nini kipande kilichofunikwa huiva mapema kuliko kilichoachwa wazi katika tanuri hilohilo.